Fulana ya Arkansas

Niliinunua Karugutu, siku ya gulio,
kwenye rundo la mitumba lililomwagwa juu ya turubai:
fulana ya kijivu, elfu tatu baada ya kubembeleza,
na kifuani umbo asilolijua muuzaji.
"Hiyo ni picha ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa," akasema.
Mimi, mwalimu wa darasa la sita, nililijua mara moja.
Ndiko aliko Rwaheru, ndugu yangu,
anapakia magunia ya mchele ghalani,
usiku wake, asubuhi yetu.

Baba akanisimamisha uani Rwebisengo,
fimbo ya kuswagia mkononi.
"Abwoli, nisomee hiyo ngozi."

Nikajisoma kama ubao.
Kaskazini, hapa chini ya mabega, ni Missouri,
mstari umenyooka, hauna mlima, hauna kijito, rula tu,
isipokuwa kona moja imemegwa
kama sikio la ndama lililotiwa alama.
Kusini, juu ya kitovu, Louisiana. Rula tena.
Magharibi Oklahoma,
na Texas imeng'ata kidogo pale chini.

"Na huku?"
Ncha ya fimbo ikagusa ubavu wangu wa kushoto,
panapopindapinda.
"Huko ni mto, baba. Mississippi.
Ng'ambo yake Tennessee,
na chini ya Tennessee, jimbo lililochukua jina la mto wenyewe."

Akanyamaza.
Kisha akauliza swali la mtu wa Semliki:
"Na ukihama?"

Maana mto wetu haulali.
Kila mvua kubwa unakula ukingo wa kwetu
na kuutapika Kongo.
Mgunga alipozikiwa kondo langu la uzazi
leo uko ng'ambo, umesimama vilevile,
na ng'ombe wetu wakinywa chini yake
ni wageni wasio na karatasi.

Nikamuuliza Rwaheru. Akajibu kwa sauti ya dakika mbili,
mashine zikinguruma nyuma yake:
"Dada, huku wana sheria yake.
Mto ukijongea polepole, punje kwa punje,
mpaka unaufuata.
Ukiruka ghafla ukajichimbia mkondo mpya,
mpaka unabaki palepale, kwenye tope la zamani.
Kuna watu wa Tennessee wameamka upande wa Arkansas.
Wanazungukia darajani kwenda kupiga kura kwao."

Baba aliisikiliza mara tatu,
simu ameishika kama kifaranga.
"Wetu umefanya yote mawili," akasema,
"na shahidi ni mamba peke yake."

Jioni, nikifukizia vibuyu vya maziwa,
akarudi na jambo lile lile, kwa mlango mwingine:
"Na yule mwana, alijongea au aliruka?"

Nikahesabu kwa moshi machoni.
Kwanza Fort Portal, shule ya bweni, akirudi kila likizo.
Kisha Kampala, akirudi Krismasi.
Kisha Kampala, akituma salamu.
Kisha Entebbe, sanduku moja lenye gurudumu bovu,
sisi sote nyuma ya kioo,
naye akilikokota upande, kama ndama mwenye kiwete.

"Punje kwa punje," nikasema.

"Basi mpaka ulimfuata."
Hakucheka. Akaenda kuziba lango la zizi kwa miiba,
akawahesabu ng'ombe, akawahesabu tena,
nikamsikia gizani akitaja jina ambalo si la ng'ombe yeyote.

Fulana nimeifua mara nne sasa.
Rula za kaskazini na kusini zingali imara.
Upande wa mto ndio ulioanza kumenyuka,
vipande vidogo vyeusi vinaelea kwenye beseni.
Nikimwaga maji, huwa nayamwaga mbali kidogo,
kuelekea magharibi,
sijui kwa nini.